Riviu: mwezi mzima Moro, Lushoto, Tanga na Pangani kwa hela yangu mwenyewe

Kabla sijaanza niseme kabisa, hii siyo makala ya kulipwa. Hakuna aliyenipa kitanda cha bure wala chakula cha jioni cha "karibu mwandishi wetu", nimelipa gesti, nauli, chai mpaka maji ya kunywa, na risiti ninazo (kwa zile sehemu zinazotoa risiti, nyingine unapewa tu "asante dada"). Nalianza hili kwa sababu kazi yangu ni kuandika makala za safari, sijaajiriwa, nauza kwa anayenunua, na kwa miaka sita hii sehemu nilizolala nikalipa mwenyewe nadhani hazifiki kumi. Unaitwa, unalala, unakula, unapiga picha jua likizama, unarudi Tabata unaandika kwamba ni pazuri. Hata kama ulisikia panya kwenye dari unaandika ni pazuri, maana ukiandika panya huitwi tena.

Sasa kufika mwezi wa tatu mwaka huu nikawa nafungua laptopu, naiangalia, naifunga. Siyo uchovu, nilikuwa nalala vizuri tu. Mteja wangu mkubwa akanipigia akasema sasa hivi makala tunaandikiwa na akili mnemba, wewe tusaidie kuzisahihisha, kwa nusu ya bei. Ya kwanza kunitumia ilikuwa ya Pangani. Imesema ukikaa ufukweni asubuhi unaiona theluji ya Kilimanjaro. Pangani jamani! Hilo nikalifuta huku nacheka peke yangu. Lakini yale mengine yote, mchanga unaobusu miguu, upepo unaonong'ona, paradiso ambayo bado haijagunduliwa (wakati watu wanaishi pale tangu enzi na enzi), hayo nikashindwa kuyafuta kwa sababu ni maneno yangu. Nimeyaandika mimi, mara mia, kwa hoteli kumi tofauti. Kilichoniuma siyo kwamba mashine imeandika vibaya, imeandika kama mimi.

Basi nikachukua akiba, milioni moja na laki moja, nikanunua kauntabuku ya kwaya mbili, laptopu nikaiacha kwa dada yangu, nikaondoka mwezi wa sita katikati. Sheria moja tu, nalipa kila kitu na kila siku naandika nusu ukurasa hata kama ni wa kipuuzi.

Tuanze na treni. SGR ilipozinduliwa rasmi Agosti 2024 niliandika makala yake nzima bila kuipanda, niko kitandani, naangalia video za watu. Nisameheni. Kwa hiyo hii ya mwezi wa sita ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza na kiukweli nilikaa pale Stesheni ya Magufuli kama mtoto wa darasa la pili aliyepelekwa ziara. Beba kitambulisho, mizigo inapita kwenye mashine, fika mapema usije kukimbizana na geti. Daraja la kawaida mpaka Moro nilikata kwa elfu 13. Inaondoka kweli muda ulioandikwa, mimi niliyezoea "tunaondoka sasa hivi abiria wawili tu" nikabaki nashangaa. Inatumia umeme, inakwenda mpaka kilomita 160 kwa saa, Pugu ile, Soga ile, Ruvu, Ngerengere, hujamaliza korosho zako milima ya Uluguru hiyo imesimama dirishani. Haikuchukua hata saa mbili. Kwa basi muda huo siku mbaya bado unapigania kutoka Kibaha.

Kama huduma naipa tano kwa tano. Kwenye kauntabuku lakini siku ile niliandika mstari mmoja tu: "nimefika". Siyo lawama kwa treni, treni imefanya kazi yake. Ni mimi tu nilikuwa nimezoea kwamba safari ndiyo inakupa cha kuandika, muuza mayai wa dirishani, konda na abiria wanavyozozana kuhusu kuku, mama anayekupakata mtoto wake bila kukuuliza, na hapa hakuna lolote kati ya hayo, umekaa kwenye kiti kizuri na kiyoyozi na mawazo yako. Mawazo yangu wakati ule hayakuwa ya kukaa nayo.

Stesheni ya Moro iko Kihonda, siyo mjini, panga hela ya bajaji.

Morogoro nilikaa siku sita na gesti niliyofikia siitaji. Elfu 25, chumba selfu, televisheni ukutani, feni, nje wamepaka rangi mpya ya njano inayopendeza. Chandarua kina matundu ya kupitisha embe. Chini kuna baa, wanasema inafungwa saa sita, na kweli muziki ulizimwa saa sita, wakabaki walevi wanaimba wenyewe bila muziki ambayo ni mbaya zaidi. Nikamfuata kijana wa mapokezi asubuhi, akaniambia "sista si ungesema, tungekupa chumba cha nyuma". Haya nikahamia chumba cha nyuma, dirisha linatazamana na jenereta. Yule kijana lakini alikuwa mstaarabu sana, ndiyo maana mimi huwa nashindwa kuandika vibaya, ukimkumbuka mtu usoni kalamu inalegea. Ila ndiyo hivyo, matundu ni matundu.

Mji wenyewe naupenda, mji kasoro bahari kama wanavyojiita. Nilipanda mpaka Morningside na kijana wa kule juu, anayejua njia, tulielewana bei kabla hatujaanza kutembea (fanyeni hivyo, msisubiri mrudi). Ni kupanda kweli, siyo matembezi, njiani unapishana na kina mama wa Kiluguru wamebeba mboga kichwani wanashuka wanaongea kama wako sebuleni na wewe unahema kama pampu ya baiskeli. Nikiwa juu mji wote uko chini yangu na bado sikuandika kitu. Nusu ukurasa wa siku ile unasema "pazuri. pazuri sana. magoti." Siku ya tano nikaanza kufikiria kurudi Dar, hela bado ipo, nikamuombe yule mteja kazi ya kusahihisha.

Kilichonizuia ni uvivu tu wa kupiga simu.

Basi la kutoka Msamvu kwenda Mombo nalo silitaji jina lakini nalipatia moja kwa tano na hiyo moja ni kwa sababu tulifika. Siti yangu imeuzwa mara mbili. Tukaondoka saa moja na nusu baada ya muda wa tiketi. Konda akaniapia kwamba Mombo wanashusha bila shida, tulipofika Korogwe akaanza kusema "dada si ushukie hapa tu, Mombo ni hapo mbele". Kuna baba mmoja mtu mzima kiti cha mbele, amevaa baraghashia, hajaongea tangu Chalinze, akageuka akasema kwa upole kabisa, "kijana, huyu binti amelipa Mombo, atashuka Mombo". Ikaisha. Shikamoo yangu ya kumuaga niliitoa kwa moyo wote. Na jioni ile niliandika ukurasa mzima, wa kwanza kujaa, wa hasira, kuhusu konda. Sikuligundua hilo mpaka baadaye.

Sasa Lushoto, na hapa nitakaa kidogo maana ndipo ilipo riviu yenyewe.

Kutoka Mombo unapanda Noah au Kosta, kilomita kama 33 hivi, lami, kona juu ya kona, ukuta wa mlima upande huu na korongo upande ule, unapita Soni kwenye maporomoko. Kama una kichefuchefu kaa mbele na usile kitu Mombo. Tuliingia jioni, ukungu umeshuka mpaka kwenye mabati, baridi ya mwezi wa sita kule siyo mchezo, mimi nimevaa dera na kandambili kama naenda Coco. Wajerumani walipaita Wilhelmstal, kwa heshima ya mfalme wao Wilhelm, unaona walijisikia kwao kwa hiyo baridi.

Nikamuuliza mwenye duka pale stendi gesti rahisi iko wapi, akanielekeza kwa mama mmoja, kupandisha kidogo, nyumba ya matofali ya kuchoma yenye vyumba vinne vya wageni na bustani ya kabichi mbele. Jina la gesti hakuna. Mama mtu mzima, mjane, akanipokea shikamoo yangu, akaniangalia kandambili, hakunipa ufunguo kwanza, akanipa soksi.

Elfu 20 pamoja na chai. Na chai maana yake chai ya maziwa kwenye chupa nzima, viazi vitamu, mayai ya kienyeji, siku nyingine peasi. Choo na bafu viko nje, viwili kwa vyumba vinne, safi kuliko selfu yoyote niliyolala mwezi ule. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi unagongewa mlango, ndoo ya maji ya moto iko kizingitini na mama ameshaondoka, ukisema asante unaisemea hewa. Blanketi mbili. Mtandao unapatikana ukisimama karibu na kabichi, ndani hamna kitu, na mimi bila laptopu nikaona sawa tu. Chumba changu kilikuwa cha mwisho kushoto na kina meza, siyo meza ya hoteli ile ya kuwekea birika, ni dawati la shule la zamani, lina majina ya watu yamechongwa kwa bikari. Na kuna jogoo. Huyo jogoo anawika saa kumi usiku, chini ya dirisha, kila siku, na siyo mara moja.

Nikakaa pale nikiandika nusu kurasa zangu za kulazimisha, siku nne, siku tano. Mama akawa ananiona. Siku moja jioni nimekaa jikoni naota moto naye anachambua maharage akaniuliza, "Mwanangu, wewe unaandika nini kila siku?" Nikamwambia mimi ni mwandishi mama, naandika kuhusu sehemu ili watu waende. Akafikiri. Akasema basi niandikie tangazo, nilibandike pale dukani stendi, maana wageni wanapita wanakwenda gesti za juu.

Nikasema hiyo ndogo sana mama. Nikakaa kwenye lile dawati dakika kumi nikarudi na karatasi, nikamsomea kwa sauti yangu ya kazi: "Karibu kwenye utulivu wa milima ya Usambara, mahali ambapo ukungu unakumbatia ndoto zako na ukarimu wa asili unakusubiri."

Mama akaacha maharage. Kimya. Kisha akauliza, "Sasa hapo mtu atajuaje kama kuna maji ya moto?"

Jamani nilicheka mpaka moshi ukaniingia puani, naye akacheka kwa kuniona mimi nacheka, ila yeye alikuwa anauliza kweli. Mtu ametoka Dar, baridi imemshika, anasoma karatasi ukutani, anataka kujua maji ya moto, bei na choo. Nikachukua karatasi nyingine pale pale jikoni tukaandika wote wawili, yeye anasema mimi naandika, mimi nasema yeye anakataa. Nakumbuka karibu lote: Vyumba vinne. Elfu 20 na chai. Maji ya moto asubuhi na jioni. Choo cha nje, safi. Blanketi mbili, ya tatu ukiomba. Chumba cha mwisho kina meza ya kuandikia.

Nikaandika na jogoo. Mama akasema jogoo usimtaje, watakimbia. Nikamwambia mama, mgeni akija atamsikia tu, afadhali aje anajua. Tukabishana vizuri, robo saa nzima, kuhusu jogoo. Mwisho akasema, "Haya, mtaje. Ila andika kwamba hatuwezi kumzuia." Tukaandika hivyo hivyo: Jogoo anawika saa kumi usiku, hatuwezi kumzuia.

Tangazo lilibandikwa kesho yake. Jumamosi wakaja vijana wawili wa chuo, wa kwanza kuingia getini akauliza "yuko wapi huyo jogoo?" Mama akanitazama mimi.

Mwanzo nilipanga siku nne Lushoto, nikakaa kumi na tatu. Kauntabuku ikaanza kujaa vitu ambavyo nikiviangalia sasa ni vya kijinga kabisa, bei ya fungu la karoti, jinsi Noah moja ilivyobeba mlango wa mbao juu na mwenye mlango amekaa ndani akiushikilia kwa mkono kupitia dirishani, salamu zao, onga makeo, na jinsi nilivyoitikia vibaya wiki nzima na hakuna aliyenisahihisha kwa sababu ya heshima. Lakini vilikuwa vinatoka vyenyewe. Naamka na jogoo saa kumi, naona ujinga kulala tena, nawasha tochi ya simu naandika mpaka ndoo igongwe mlangoni. Mzuka niliokuwa nautafuta kwa mandhari ukanikuta hapo, na blanketi begani.

Irente nendeni. Kwa mguu kutoka mjini ni mwendo wa kama saa moja na nusu hivi, siyo mkali, unapita mashamba, watoto watakusalimia mpaka uchoke. Pale kwenye ukingo ardhi inakatika ghafla na chini huko, karibu mita elfu moja, unaona Mazinde na tambarare la Wamasai halina mwisho, na barabara kuu ya Arusha kama uzi. Kuna shamba la pale Irente wanatengeneza jibini na mkate wa shayiri-nyeusi ule mzito wa Kijerumani na jemu, unakaa bustanini unakula. Mkate ule kwa kweli siyo wa kila mtu, unatafuna mpaka taya zinaomba ruhusa, jibini ni tamu sana. Nilirudi mara tatu. Msitu wa Magamba pia nilikwenda, na mwongozaji, nikarudi na matope mpaka kiunoni, sifa zake nitaziandika siku nyingine nikishafua.

Nilivyoondoka mama alinifungia viazi kwenye kitambaa. Soksi akakataa kuchukua.

Tanga mjini nilipita siku tatu tu, siyo kwamba pabaya, nilikuwa na haraka ya Pangani. Basi dogo linapita Muheza, machungwa yanaingia dirishani kabla gari halijasimama, ukisema hutaki anakupunguzia bei mpaka unataka. Tanga watu na baiskeli zao, mji umenyooka, hauna papara. Mapango ya Amboni niliyaandika zamani nikisifia "siri za chini ya ardhi", safari hii nimelipa kiingilio kama mtu wa kawaida, nikaingia, popo, giza, mwongozaji mcheshi anayejua kila jiwe linafanana na mnyama gani. Tatu na nusu kwa tano, vaa viatu vya kufunga. Siku ya Saba Saba usijaribu kusafiri bila kukata tiketi mapema, nimejaribu mimi, nimesimama Tanga mpaka Tongoni.

Tongoni penyewe nikashuka, maana miguu ilikuwa imekwisha, na ikawa bahati. Magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo ya Waswahili wa karne nyingi huko nyuma, hapo hapo karibu na barabara ya Pangani, kimya, mikoko upande wa bahari. Nilikuwa peke yangu na mbuzi.

Pangani ndiyo ilikuwa deni langu, kwa sababu ya ile makala ya theluji. Nilifikia nyumba ya mtu, chumba cha uani, elfu 15, bila chai, feni ya kelele, kitanda cha samadari cha kizamani ambacho peke yake kinastahili hiyo hela. Wenyeji wangu bibi na babu, hodi inaitikiwa kabla hujamaliza kuibisha, na usiku bibi anakuletea kikombe cha uji wa pilipili manga "kwa ajili ya kusi". Maana mwezi wa saba kusi linavuma hasa, bahari imechafuka, rangi ya chai ya maziwa pale mto unapoingilia. Buluu ya kwenye matangazo sikuiona hata siku moja. Nilitaka kwenda Maziwe, lile fungu la mchanga kule baharini, nahodha akatazama maji akaniambia "bibie, leo hapana, kesho tuone", kesho akatazama tena akasema hapana. Hela yangu hakuichukua. Nampa tano kwa tano kwa safari ambayo haikufanyika.

Kwa hiyo nikabaki mjini. Kila asubuhi navuka mto kwa kivuko kwenda Bweni na kurudi, bila shughuli, naangalia tu pikipiki na mizigo ya nazi na wanafunzi na kanzu za watu zinavyopepea. Wakati napita mimi daraja jipya lilikuwa bado linajengwa, likiisha hicho kivuko sijui kama nitakikuta tena, ndiyo maana nikawa navuka hata mara mbili kwa siku kama mwendawazimu. Ng'ambo ya pili huko, Kikogwe, ndiko mkonge ulikoanzia nchi hii. Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche kutoka Florida, ikafika hai 62 tu, ikapandwa 1893, na hiyo 62 ndiyo ikazaa mashamba yote yale unayoyaona ukitoka Korogwe mpaka Tanga, mistari isiyoisha. Babu mwenye nyumba alifanya kazi ya kukata mkonge ujanani, akanionyesha kovu la mwiba kwenye kiganja, akanieleza mpimo wa kazi ya siku kwa mafungu ya majani, na ukishindwa kumaliza siku haihesabiwi. Niliandika kurasa nne bila kunyanyua kichwa.

Na Abushiri. Abushiri bin Salim, aliyewapiga Wajerumani mpaka wakaleta jeshi kamili, walimnyonga hapo hapo Pangani Desemba 1889. Niliwahi kumuweka kwenye makala ya hoteli moja miaka mitatu iliyopita, mistari miwili tu, wakamtoa, wakasema anatisha wageni. Sasa nimemuandika upya kwa raha zangu, na boma, na nyumba za zamani za Uhindini zenye milango ya nakshi zinazoanguka polepole, paa moja lina mti umeota juu yake mkubwa tu. Na kusi, na bahari rangi ya chai.

Nikaenda kwenye kibanda cha intaneti nikaichapa, nikamtumia yule mteja wangu. Nikamwambia hii hapa Pangani, imesahihishwa. Akajibu jioni: "Nzuri ila ndefu, halafu mbona bahari ni chafu na kuna mtu amenyongwa?" Sijamjibu mpaka leo. Makala nimewapelekea wengine wawili, mmoja ameichukua, hela ndogo, hajabadilisha hata nukta.

Hesabu sasa, kwa wanaotaka kufanya kitu kama hiki. Siku 31, jumla milioni moja na elfu 84. Kulala ndiyo iliyokula zaidi ya nusu, kula nilikuwa natumia kama elfu 8 mpaka 10 kwa siku maana nakula wanapokula watu, nauli zote pamoja na bodaboda hazikufika laki mbili. Ukiwa mwanamke peke yako kama mimi, gesti iliyo juu ya baa achana nayo hata ikiwa na rangi mpya, fika mchana, na mwambie mwenye nyumba unakokwenda na saa unayorudi, mama wa Lushoto nilichelewa siku moja Irente nikamkuta amesimama barabarani na taa ya kandili. Mwezi wa sita na wa saba beba sweta kwa ajili ya milimani, na kama shida yako ni kuogelea Pangani subiri kusi litulie. Laptopu kuiacha sikushauri wala sikukatazi, kwangu ilisaidia ila kuchapa kurasa 90 za mwandiko wangu sasa hivi ni adhabu.

Gesti ya Moro, mbili kwa tano. Chumba cha uani Pangani, nne, feni imekiponza. Kwa mama Lushoto ni tano, na kama hamna jina mtaifikaje, nendeni mpaka dukani pale stendi ya Noah, someni karatasi zilizobandikwa ukutani, ile yenye jogoo ndiyo yenyewe. Ombeni chumba cha mwisho kushoto. Juzi nilimpigia mama nikamuuliza kama tangazo bado lipo, akasema lipo, mvua imelilowesha kidogo pale kwenye bei, jogoo anasomeka vizuri.